Mali ya Mwenye Maradhi ya Akili na Mkono wa Mwenye Kuisimamia

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika kila mji wa Waislamu, ukiwa mkubwa au mdogo, ipo nyumba yenye mtu mzima aliyepatwa na maradhi ya akili. Huenda ni kijana aliyerejea kutoka masomoni hali maneno yake hayafuatani, au mama wa watu aliyebadilika baada ya kujifungua, au mzee aliyekuwa hodari wa biashara, na leo hatambui noti ya shilingi mia na ya shilingi elfu. Watu huuliza habari za dawa yake, huuliza habari za kisomo chake, na wema wao huuliza kama amekula. Swali moja aghlabu haliulizwi, kwa kuona haya au kwa kuogopa fitina: mali yake i mkononi mwa nani? Kodi ya chumba chake huchukuliwa na nani, fungu lake la urithi limelala wapi, na ile pensheni au msaada unaotolewa kwa jina lake hupokewa na nani na kutumiwa kwa kazi gani?

Wako wadhanio kuwa jambo hili ni la serikali za siku hizi tu, lililozuka pamoja na fomu na benki. Lakini sivyo. Waislamu wamelishughulikia tangu Madina, na habari zake ni ndefu, zina mengi ya kusifiwa na yapo ya kusikitisha.

Katika masahaba wa Kiansari alikuwako mtu aitwaye Hibban bin Munqidh. Alipata jeraha la kichwa vitani, na tangu siku ile ulimi wake ukawa mzito na hesabu yake ikawa dhaifu. Pamoja na hayo alipenda kwenda sokoni. Akinunua hupunjwa, na akiuza hupunjwa. (Wapokezi wengine husema kuwa mwenye kisa hiki ni babake, Munqidh, na hitilafu hiyo haibadili hukumu.) Jamaa zake walipochoka kuona mali yake ikipukutika, walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwomba amzuie asiuze wala asinunue. Mtume akamwita, akamkataza. Yule mtu akajibu kwa unyofu kabisa kuwa hawezi kuvumilia kukaa bila ya biashara. Hapo Mtume hakumlazimisha. Alimfunza neno la kumwambia kila anayeuziana naye, kuwa pasiwe na hadaa, na katika mapokezi mengine akampa na hiari ya siku tatu katika kila alichonunua, akitaka achukue, akitaka arudishe. Imesimuliwa kuwa mtu huyo aliishi umri mrefu mpaka zama za Sayyidna Uthman, na alipokuwa akirudisha bidhaa na mchuuzi akakataa, masahaba walisimama kushuhudia kuwa Mtume ndiye aliyempa hiari hiyo.

Msomaji na atazame vizuri. Jamaa walikuja na ombi la haki, nalo lilisikilizwa. Lakini mgonjwa naye aliitwa, akaulizwa, akajibu, na jibu lake likatiwa katika hukumu. Hakufungiwa ndani wala hakunyang'anywa mfuko wake wote. Alizungushiwa ua katika pale mahali palipokuwa na udhaifu wake, na soko zima likafanywa mlinzi wake. Wanavyuoni wamebishana sana juu ya hadithi hii. Wenye kuona kuwa mtu mzima mwenye akili dhaifu huweza kuzuiliwa, huishika ile sehemu ya kwanza, kwani Mtume hakuwakemea jamaa kwa kuomba. Nao wasioona hivyo huishika ile sehemu ya pili.

Qurani yenyewe imeweka msingi katika Sura ya Nisaa, Aya ya tano na ya sita. Humo wameamrishwa waumini wasiwape wasio na busara mali ziwe mikononi mwao, bali wawalishe humo, wawavike, na waseme nao maneno mema. Wafasiri wamesimama sana mbele ya neno moja la Aya hiyo, kwani mali imetajwa kuwa ni "yenu", yaani ya wanaoamrishwa, ilhali mwenye mali ni yule dhaifu. Katika maelezo waliyoyatoa, lipo lisemalo kuwa mlezi ametakiwa kuilinda kama ailindavyo iliyo yake. Wako waliolishika neno hilo kwa kulipindua, wakala kama walavyo chao. Kisha Aya inayofuata ikafunga mlango huo: mlezi tajiri ajizuie, maskini ale kwa kadiri ya wema, na siku ya kumrudishia mwenye mali pawepo mashahidi. Na katika Sura ya Baqara, katika ile Aya ndefu ya deni, asiyeweza kusema yake kwa udhaifu husemewa na walii wake, kwa sharti la uadilifu.

Kuhusu fedha zitolewazo na dola kwa ajili ya wasiojiweza, habari zake huanzia kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Kwa kauli mashuhuri ilikuwa mwaka 20 wa Hijra (641) alipofungua diwani, yaani daftari la majina ambalo kwalo kila aliyeandikwa alipata fungu lake kutoka Baitulmali. Katika mji wa Kufa watu waligawanywa mafungu mafungu, na kila fungu lilikuwa na mkubwa wake aitwaye arifu, naye alipokea jumla ya dirhamu 100,000 akawagawie waliomo. Kwa hiyo fedha ya mjane, ya mtoto na ya mgonjwa ilipita katika mkono wa mwingine kabla ya kumfikia mwenyewe. Hapo ndipo palipo na hatari, na watu wa zama zile waliijua. Katika Misri, zama za Muawiya, kila kabila iliwekewa mtu azungukaye barazani kila asubuhi kuuliza kama usiku uliopita amezaliwa mtoto au ameingia mgeni, ili daftari lilingane na watu walio hai.

Na kuna kisa cha Sayyidna Umar na mtoto aliaye usiku. Fungu la mtoto lilikuwa halitolewi mpaka aachishwe ziwa. Umar, akitembea usiku, akamsikia mtoto analia bila kunyamaza, akamwuliza mamake. Yule mama, asijue anasema na nani, akajibu kuwa anamharakisha kuacha ziwa ili apate kuandikwa. Umar alilia katika sala ya alfajiri, kisha akaamuru kuwa kila mtoto aandikwe tangu siku ya kuzaliwa. Kisa hiki si cha wagonjwa wa akili, lakini kina funzo kwao, kwani chaonyesha jinsi sharti la msaada liwezavyo kumgeuza hata mama mwenye huruma akamtesa mwanawe. Mtu aliyepona nusu, ambaye jamaa zake hawataki aonekane kapona lisije likakatika fungu, yu katika hali ile ile ya mtoto yule.

Kisha akaja Al-Walid bin Abdul-Malik. Mwaka 88 wa Hijra (707) aliwawekea fungu wenye ukoma na kuwakataza kuombaomba, na kila kiwete akampa mtumishi, na kila kipofu akampa wa kumwongoza. Baadhi ya wanahistoria humhesabu kuwa wa kwanza kujenga nyumba ya wagonjwa katika Uislamu. Walid alikuwa na mengi ya kulaumiwa katika siasa yake, lakini katika hili ametajwa kwa heri.

Ama nyumba mashuhuri ya kwanza katika Misri yenye mahali pa wenye wazimu ni ile ya Ahmad bin Tulun, iliyojengwa mwaka 259 wa Hijra (872). Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki mwaka 1442, ameeleza utaratibu wake, na katika maelezo hayo kuna jambo lifaalo kusomwa polepole. Mgonjwa akiingia, nguo zake na fedha zake zilivuliwa zikawekwa kwa amini wa nyumba, yaani mtu aliyewekwa mahsusi kwa kazi ya kutunza amana. Akavishwa nguo za hapo, akalazwa, akahudumiwa kwa dawa na chakula mpaka apone. Alama ya kupona ilikuwa kwamba ameweza kula kuku na mkate mzima. Hapo huruhusiwa kutoka, na hurudishiwa fedha zake na nguo zake. Tabibu na mwenye kutunza mali walikuwa watu wawili mbalimbali, na matibabu hayakukatwa katika mfuko wa mgonjwa, kwani yalilipiwa na wakfu.

Ibn Tulun mwenyewe alikuwa akienda kila Ijumaa kukagua. Siku moja mgonjwa aliyefungwa minyororo alimwita, akamwambia kuwa yeye si mwendawazimu bali amefanyiwa hila, akamwomba komamanga. Akaletewa kubwa. Akalipima mkononi, kisha akamtupia Ibn Tulun kifuani, likampasukia likamchafua nguo zake. Amiri aliagiza mtu yule alindwe vizuri, wala tangu siku hiyo hakurudi tena. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Lakini ukaguzi wa kila Ijumaa ulikoma kwa sababu ya komamanga moja, na walioachwa nyuma ya mlango ule hawakuwa na wa kuwatazama tena.

Baada ya hapo nyumba za namna hiyo zikaenea: ya Nuruddin katika Damascus mwaka 1154, ya Sultani Qalawun katika Cairo mwaka 1284, ya Arghun katika Aleppo mwaka 1354, na ya Sultani Bayezid wa Pili katika Edirne mwaka 1488. Zote zilisimama kwa wakfu, na wakfu nao una msimamizi wake na hila za wasimamizi.

Makadhi ndio waliobeba mzigo wa mali za wasio na baba wala wasii. Katika Misri, kadhi Tauba bin Namir aliuweka wakfu chini ya mkono wa kadhi mwaka 118 wa Hijra (736), kwa kuona kuwa jamaa za waliouweka walikuwa wakiula na kuurithishana. Kwa muda wa karne nyingi palikuwapo Cairo sanduku la kadhi lililohifadhi mali za mayatima na za watu walio mbali. Wazo lake lilikuwa zuri. Lakini sanduku kubwa lenye fedha za watu wasioweza kudai ni tamaa kubwa, na wakubwa wa dola, walipokosa fedha za majeshi, walikopa humo. Mkopo wa mwenye upanga kwa yatima haulipwi kwa wepesi. Kwa hiyo historia hii haisemi kuwa jamaa ni wabaya na serikali ni njema, wala kinyume chake. Kila mkono uliogusa mali isiyo na msemaji ulihitaji kuangaliwa na mkono wa pili.

Kitabu kilichozipanga hukumu hizi kwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki ni Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1277. Biashara na dini ziliposafiri kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, na kufika Buganda mwaka 1844 katika enzi ya Kabaka Suna, madhehebu yaliyosafiri ni hayo ya Shafi. Dola za Ulaya zilipotawala nazo zilikihitaji kitabu hicho. Mwanachuoni wa Kiholanzi, van den Berg, alikifasiri kwa Kifaransa huko Batavia kati ya mwaka 1882 na 1884, na E. C. Howard akakitoa kwa Kiingereza mwaka 1914, na mahakimu wa Kiingereza wakakitumia katika kesi za Waislamu.

Anasemaje Nawawi? Katika mlango wa hajri, yaani wa kumzuia mtu asitumie mali yake, anaanza na wazimu. Wazimu huondoa usimamizi wa mtu juu ya nafsi yake, na maneno yake katika kuuza na kununua hayahesabiwi. Walii wake ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa nao, kisha kadhi. Akiwa mtu amebaleghe na akili yake, kisha wazimu ukamjia ukubwani, kwa kauli yenye nguvu humrudia walii yule yule wa utotoni mwake, na kauli nyingine humpeleka kwa kadhi. Kaka hayumo katika orodha hiyo. Ami hayumo. Mjomba hayumo. Mmoja wao akiishika mali ya mgonjwa bila kuusiwa na bila kuwekwa na kadhi, amejipa mwenyewe, hata kama nia yake ni safi kama maziwa. Jambo hili watu wengi hawalijui, na katika nyumba nyingi hao ndio wanaoshika.

Na mama je? Kwa kauli yenye nguvu mama hana usimamizi wa mali kwa asili yake. Lakini Abu Said Al-Istakhri, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliona kuwa mama anao, baada ya baba na babu. Nawawi mwenyewe katika mlango wa wasia amesema kuwa mama wa watoto ndiye bora kuusiwa kuliko mwingine. Na wakfu wa Sayyidna Umar uliachwa mkononi mwa binti yake Hafsa. Baba mwenye mtoto mgonjwa, basi, anayo njia iliyo wazi tangu yu hai, ya kumwandika mkewe au binti yake kuwa wasii. Wengi hufa bila ya kuandika, na mwanamke aliyemwogesha na kumlisha mgonjwa miaka ishirini hubaki akimwomba shemeji yake fedha ya sabuni.

Kazi ya walii Nawawi ameielezea kama aelezaye kazi ya karani. Amtumilie mgonjwa kwa wema, bila ubahili na bila israfu. Asiuze nyumba wala shamba lake ila kwa haja au kwa faida iliyo dhahiri. Akiuza kwa mkopo, ashuhudishe na achukue rehani. Baba na babu huweza kuuziana na mtoto wao, kwa kushika pande zote mbili za mkataba, lakini wasii hawezi kujiuzia, kwani atapatana na nani? Atoe na zaka katika mali hiyo. Hapa wafuasi wa Abu Hanifa, nao ni wengi katika Waislamu wa asili ya Kihindi waliokaa Uganda na Kenya, wanasema kuwa fedha ya mwendawazimu haina zaka. Kila mmoja na afuate imamu wake, na mgonjwa asifanywe Mhanafi katika zaka na Mshafi katika mengine kwa kuwa ndivyo ipendavyo nyumba. Fedha ya msaada inayokwisha kila mwezi kwa chakula na dawa, hiyo haitimizi mwaka wala kiwango.

Ama ujira, walii maskini aliyeacha kazi yake kwa kumshughulikia mgonjwa huchukua lililo dogo katika mambo mawili: ujira wa kazi yake, au kadiri ya haja yake. Halali yake ni lile dogo tu.

Sasa kuna mas'ala moja ya hesabu ambayo ndiyo kiini cha yote. Mwenye mali amerudi katika akili zake, akasema: "Shamba langu liliuzwa bila haja." Aaminiwe nani? Nawawi ametofautisha. Akiwa aliyeuza ni baba au babu, huaminiwa wao kwa kiapo, kwani huruma ya mzazi ni dhamana. Akiwa ni wasii au amini wa kadhi, huaminiwa mwenye mali kwa kiapo, na msimamizi ndiye wa kuleta ushahidi. Kwa hiyo wasii mwenye busara hatumii shilingi pasi na karatasi. Si kwa kuwa anashukiwa kuwa mwizi, bali kwa kuwa siku ya neno kwa neno, neno lake halitoshi.

Uingereza nao walikuwa na njia yao. Andiko lao la kale la haki za mfalme, la zama za kati ya karne ya 13 na ya 14, lilimpa mfalme ardhi ya mtu aliyezaliwa bila akili, akachukua mapato yake, kwa sharti la kumpatia mahitaji. Lakini aliyekuwa na akili ikampotea, ardhi yake ililindwa, yeye na watu wake wakaishi kwayo, na kilichobaki kikawekwa mpaka apone, mfalme asichukue kitu. Sheria zao za baadaye zilipitia Bara Hindi zikafika Afrika ya Mashariki. Nairobi ilipata nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, ile ya Mathari, na Uganda ikafungua Butabika mwaka 1955. Na mwaka 1951 Uganda ilitungiwa sheria mahsusi ya kusimamia mali za wasio na akili timamu, ambayo kwayo Mahakama Kuu humweka msimamizi, naye hutakiwa kutoa orodha ya mali na hesabu. Watu wa vijijini hawakuijua sana. Kwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya migomba nusu eka ni kuimaliza migomba yenyewe.

Lakini mali ya mgonjwa siku hizi si migomba tu. Katika nchi nyingi ni fedha ya kila mwezi. Kenya ilianza kuzipa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa fedha za msaada mwaka 2011, nazo hupokewa na mlezi kwa niaba yake. Marekani, ambako wamo sasa Waswahili wengi waliotoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi, ina utaratibu mrefu zaidi. Sheria yao ya mwaka 1939 iliruhusu fedha ya mtu asiyeweza kuisimamia ilipwe kwa jamaa au mtu mwingine kwa niaba yake. Mwaka 1956 wakaongeza malipo ya ulemavu kwa waliokuwa kazini, na mwaka 1974 ukaanza msaada kwa maskini wenye ulemavu, wazee na vipofu, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mpokeaji huyo hutakiwa kwanza kutimiza chakula, makao, dawa na mahitaji ya mgonjwa, kisha kinachobaki akiweke akiba kwa jina la mgonjwa. Haruhusiwi kuichanganya na fedha yake. Jamaa anayepokea hana ujira, na hapa sheria yao ni kali kuliko ya Shafi.

Kwa miaka mingi hesabu haikudaiwa sawasawa, mpaka mashtaka yakapelekwa mahakamani, na mwaka 1984 sheria ikalazimisha hesabu ya kila mwaka. Kisha mwaka 2018 wakapunguza: mzazi anayekaa nyumba moja na mtoto wake, hata kama mtoto ni mtu mzima mwenye ulemavu, amesamehewa karatasi ile ya kila mwaka, na mume na mke kadhalika. Wengine, akiwemo kaka na ami, hawakusamehewa. Aliyesoma Minhaj hatastaajabu. Waliotunga sheria ile hawakumsoma Nawawi, lakini walifika pale pale alipofika yeye zaidi ya miaka mia saba kabla yao, kwamba neno la mzazi si sawa na neno la mwingine.

Wamarekani na Washafi wanapoachana ni katika kupona. Huko Marekani aliyepona na kutaka kupokea fedha yake mwenyewe hutakiwa kuleta ushahidi, kama barua ya tabibu, kisha ofisi iamue. Katika Minhaj, hajri ya wazimu huondoka kwa kupona kwenyewe, pasi na hukumu ya kadhi. Akili ikirudi asubuhi, asubuhi hiyo hiyo usimamizi umekwisha, na walii anayeishikilia mali baada ya hapo ameshika cha mtu. Njia ya Wamarekani humkinga mgonjwa na wadanganyifu wanaosema kapona ili wamle. Njia ya Minhaj humkinga na jamaa wanaosema hajapona ili waendelee kumla. Katika mitaa ya Waislamu wa nchi hizi, hatari hiyo ya pili imekuwa ikionekana mara nyingi zaidi kuliko ile ya kwanza, kwani jina la mwendawazimu likishamkaa mtu halimtoki hata akisali safu ya mbele.

Na maradhi haya mara nyingi huja na kuondoka. Wanavyuoni waliyajua hayo, wakayaita wazimu wa kukatika. Mtu hupata miezi mitatu ya uzima, kisha wiki mbili za maradhi, kisha uzima tena. Hukumu yake ni kuwa katika siku za uzima wake ni mtu kamili: akiuza kimeuzika, akioa ameoa, akiusia wasia wake ni wasia. Siku hizo ndizo za kukaa naye kitako, kumfungulia daftari, kumwonyesha kilichoingia na kilichotoka, na kumwuliza yeye mwenyewe amtakaye ashike mfuko wake maradhi yakirudi. Walii aliyefanya hivyo mbele ya mashahidi wawili, na akaandika aliyoyasema mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, anacho cha kumwonyesha kadhi, na cha kumwonyesha mgonjwa katika uzima unaofuata.